Sarafu ya Matundu Matatu

Binti yake Anton alinipigia simu akaniambia baba yake ameacha kitu chenye jina langu. Nikapanda bajaji hadi Upanga, nikapanda na ngazi zao kwa kupumzika kila baada ya vidato vichache, nikakuta sebule imejaa viti vya plastiki vya msiba ambavyo havijarudishwa. Anton walikuwa wamekwisha kumzika kwao Machame. Mimi magoti yangu hayakubali tena safari ya basi ya kutwa nzima, kwa hiyo sikumzika rafiki yangu. Binti akanipa pole, nikampa pole, akaleta chai, kisha akaleta kile kisanduku. Nilikijua kabla hajakiweka mezani. Kilikuwa kisanduku cha mbao cha sigara, na ndani yake ubao mwembamba ambao Anton aliuchimba vishimo kwa kisu, kishimo kimoja kwa kila sarafu, na juu ya ubao kitambaa cheupe kilichozeeka kikawa na rangi ya maziwa. Sarafu zote zilikuwa mahali pake. Kishimo cha katikati tu kilikuwa kitupu, na hapo kitambaa kilikuwa cha hudhurungi, rangi ya chai ya rangi. Mjukuu wake Anton, mtoto wa kike mwenye meno mawili yaliyong'oka, akaweka kidole hapo akaniuliza, "Babu, hii ya katikati nani kaichukua?" Nikamwambia sijui. Nina umri wa kupita themanini na bado nikiulizwa jambo mbele ya watu naona aibu, najibu la haraka ili nitazamwe kidogo. Njiani nikirudi nilijilaumu, nikasema nitaliandika. Mimi naandika polepole. Niliishia darasa la nne, na herufi zangu hadi leo zinasimama moja moja kama watu wasiojuana.

Habari za wazazi wangu na kwetu nilikotoka sitazieleza hapa, maana hazihusiki na mwaka ule. Mwaka ule wa hamsini na tano nilikuwa kijana, napiga pasi kwenye duka la mshonaji mtaa wa Sikukuu, na chumba nilikipanga pamoja na Anton kwenye nyumba ya Bi Mwanahawa, mtaa wa Mahiwa, Kariakoo. Ilikuwa nyumba ya Kiswahili kama nyingine zote za pale, vyumba vitatu huku na vitatu huku, ukumbi katikati, na nyuma uwani penye jiko na choo na mti wa mkwaju uliokuwa hauzai. Chumba chetu kilikuwa na vitanda viwili vya kamba, na kati ya vitanda sanduku la Anton la bati, ambalo mchana lilikuwa meza. Anton alikuwa karani mdogo kwenye ofisi moja kule Posta, Mchaga, Mlutheri, mrefu, mwenye maneno mengi. Mimi maneno yangu yalikuwa machache mno, hata Bi Tatu, mpangaji wa chumba cha mbele, alikuwa akisema, "Huyu Hamisi akiungua atapiga kelele kesho." Kilichotukutanisha mimi na Anton ni sarafu. Yeye alikuja mjini na rupia moja ya Mjerumani aliyopewa na babu yake, yenye kichwa cha mfalme aliyevaa kofia ya chuma na juu ya kofia amesimama tai. Mimi nilikuwa na senti ya shaba nyeupe, nzito, iliyopigwa Tabora wakati wa vita fedha zilipokwisha. Siku tulipooneshana tukaacha kuwa wapangaji tu wa chumba kimoja, tukawa marafiki.

Tulikusanya sarafu za vita tu. Sijui nitaelezaje tulichokuwa tunakitafuta. Kariakoo yenyewe ilikuwa kambi ya wapagazi wa vita ile ya kwanza, na tulipozaliwa sisi kambi ilikuwa imekwisha zamani, lakini jina lilibaki, na wazee walikuwa wanazungumza barazani kuhusu watu walioondoka na mizigo kichwani na wasirudi, wakizungumza kwa sauti ile ile wanayoulizia bei ya dagaa. Anton alisema sarafu ni shahidi asiyesahau sura ya bwana wake. Mimi nilipenda uzito wake mkononi. Wenye uwezo walikuwa wanatafuta sarafu safi. Iliyotobolewa ili ivaliwe shingoni hawakuitaka, wakasema imeharibika. Kwa hiyo zilizotobolewa ndizo zilizotufikia sisi. Nami sikuzinunua. Nilikuwa nampigia mtu pasi koti lake au suruali yake, na yeye ananipa kile kipande cha zamani kilichokuwa kimezagaa kabatini kwake. Anton alitaka kuzisugua kwa majivu na ndimu zing'ae, nami nilikuwa nazificha.

Mwezi mmoja hivi kabla ya Ramadhani masika yalishika. Jangwani pakajaa maji, watu wakawa wanavuka wamebeba viatu mkononi, na sokoni matope yalikuwa hadi kwenye vifundo. Ndipo nilipomkuta Chilumba. Alikuwa mtu wa kusini, wa makamo, amekuja na magunia ya korosho na ming'oko, viazi pori vya kwao, amejibanza chini ya paa la soko ametandika gunia, na pembeni ya korosho amepanga vitu vya chuma: maganda ya risasi, vifungo, kipande cha hatamu. Na katikati yake sarafu ya fedha, kubwa, nyeusi kwa udongo. Nikachutama. Upande mmoja palikuwa na mfalme juu ya farasi, na watu wamemzunguka pande zote wameinua mikono na kofia. Upande wa pili tai amemkamata nyoka. Na ilikuwa na matundu matatu, yamekaa pembetatu, si karibu na ukingo bali ndani kidogo. Sikuwahi kuona sarafu iliyotobolewa hivyo.

"Umeipenda?" akaniuliza. "Hiyo baba aliiokota Mahiwa."

"Mahiwa huku kwetu?" nikasema.

Akacheka hadi akashika goti. "Nyie watu wa Dar mna mambo! Mnalala Mahiwa, mnapika Mahiwa, mnasuka watoto nywele Mahiwa. Mahiwa yenyewe iko kwetu, bwana. Ni mapori na mashamba. Wazungu walipigana pale siku nne mfululizo wakaacha watu wamelala kama mabua. Sisi jioni hatupiti." Akanionesha kwa kidole mitaa ya upande ule. "Na Narung'ombe hiyo, na Tandamti hiyo. Yote ni mahali watu walipokufa. Hamkuambiwa?"

Hatukuambiwa. Nikamuuliza sarafu ilionekanaje. Akasema hajui zaidi, baba yake alikuwa akilima muhogo, akaja nayo nyumbani, yeye akiwa hayupo, na baba sasa ni marehemu. Nikaichukua kwa kumpigia pasi koti lake la Idd na suruali mbili. Nilipoifikisha chumbani Anton alikaa kitandani akaishika kwa kitambaa kama yai. Mchungaji mmoja mzee wa kwao aliyejua Kijerumani alikuja mjini wiki ile, Anton akamwonesha. Mchungaji akasema imepigwa kukumbuka vita iliyopiganwa miaka mia moja kabla yake, huko kwa Wajerumani, na maandishi yanasema watu waliitwa vitani na hakuna aliyebaki nyumbani. Anton hakulala vizuri siku zile. "Hii ndiyo ya katikati, Hamisi," alisema. "Nyingine zote ni za kuizunguka." Akaanza kuchimba ubao, na kishimo cha kwanza alichochimba kilikuwa cha hiyo, katikati kabisa, amekipima kwa bikari ya shule.

Sasa nimweleze Bi Mwanahawa. Alikuwa mwanamke wa umri wa bibi yangu, mwembamba, hodari wa sindano. Alifuma kofia na kudarizi mashuka ya maharusi, na alikuwa akishona bila kutazama, macho yanakutazama wewe na mikono iko kwenye kitambaa. Mumewe aliitwa Feruzi. Alikuwa dobi wa afisa mmoja wa Kijerumani, na vita ilipokuja afisa aliondoka naye, akafue nguo na kubeba mzigo huko waendako. Hakurudi. Haikuja habari ya kufa wala ya kuishi. Wengine walisema alikufa kwa kuhara Rufiji, wengine walisema ameonekana Lindi ana mke na watoto. Bi Mwanahawa alikuwa msichana aliyeolewa juzi tu. Walikuja wanaume kumposa, akawaambia ana mume. Hakukaa eda, maana eda hukaliwa kwa mume aliyekufa. Hakusoma hitima, maana hitima ni ya maiti. Na kila mwaka, kumi la mwisho la Ramadhani, aliitoa kanzu ya Feruzi sandukuni, akaifua, akaipeleka kupigwa pasi, kisha akaitundika ukumbini siku ya Idd, na baada ya Idd akairudisha sandukuni.

Tangu nilipohamia pale kanzu hiyo niliipiga pasi mimi. Siwezi kusema kanzu ya mtu asiyekuwepo ina nini. Za wengine zilikuwa zinakuja na miili yao, kola imechakaa, kwapa zimegeuka rangi, na ukizinyoosha unajua mwenyewe ni mnene au ana bega la chini. Ile haikuwa na mtu. Ilikuwa imefuliwa mara nyingi kuliko ilivyovaliwa. Nilikuwa nikiimaliza haraka, na nikiitundika msumarini nilikuwa naipa mgongo.

Ramadhani ile Anton alifuturu nasi, ingawa hakufunga. Jua likizama Bi Mwanahawa alitandika mkeka uwani, akaleta muhogo wa nazi, kunde, tambi, na uji wa pilipili manga uliokuwa unatoa mvuke. Bakuli moja la uji alilimimina kwanza kabla ya mtu yeyote, akalifunika kwa kawa, akaliweka mahali pasipo na mtu. Sala ya magharibi ikiisha alilifunua akampa Anton. "Kula, Mchaga wangu. Mwenyewe kachelewa." Anton alikuwa anapokea kwa mikono miwili. Mwezi mzima alikula uji ule. Bi Tatu, aliyekuwa anakula nasi huku akitusengenya, alisema siku moja bila hata kushusha sauti, "Mwenzio huko Lindi anafuturu na wajukuu, wewe unawalisha Wakristo uji wake. Na hiyo kanzu unayoipigisha pasi ni ya mume wa mwenzio." Bi Mwanahawa aliendelea kumenya muhogo. Lakini niliona kisu kimesimama kidogo, kisha kikaendelea. Nikajua kuwa hilo ndilo linalomtafuna. Kufa kwa Feruzi angeweza kukubali. Asichoweza kukubali ni kwamba alikuwa hai na hakuja.

Alasiri ya mfungo wa mwisho mwisho aliileta kanzu dukani. Mshonaji alikuwa ametoka, nilikuwa peke yangu. Kwa kawaida nilikuwa napulizia nguo maji kwa kinywa, lakini kwenye Ramadhani nilikuwa nanyunyiza kwa vidole kutoka kwenye bakuli, na kazi ilikuwa ya polepole. Bi Mwanahawa akakaa kwenye kigoda akatoa kofia aliyokuwa anafuma. "Shikamoo Bibi." "Marahaba, mwanangu. Mkaa umeshika?" Nikasema umeshika. Pasi yangu ilikuwa ya mkaa, nzito, ina jogoo wa shaba juu ya komeo lake. Nikaanza na mgongo. Sijui nini kilimfanya aseme siku ile. Labda maneno ya Bi Tatu yalikuwa bado yanamzunguka.

"Siku anaondoka nilimshonea fedha kiunoni," alisema. "Ile afisa wake aliyompa siku mtoto wa Wazungu hao alipozaliwa. Sikuwa na fedha nyingine. Nikamwambia, Feruzi, usiitumie. Hiyo ni ya sanda. Ukifia ugenini watakaokukuta waione, wakununulie sanda wakuzike." Akavuta uzi. "Sonara alitaka kutoboa tundu moja. Nikamwambia hapana. Ikiwa na tundu moja itaning'inia, itageuka, italia akitembea, na yule Mzungu hapendi kelele. Toboa matatu, ikae kama kifungo, ilale kimya. Nikaishonea ndani ya mshipi wake kwa uzi wa buluu."

Mimi mkono wangu ulisimama. Nilikuwa kifuani pa kanzu, na pasi ilikuwa chini ya mkono wangu, na sikuiinua. Niliona sarafu tu, kule chumbani chini ya godoro la Anton, mfalme na watu wake walioinua mikono. Kilichonizindua ni moshi. Nilipoinua pasi, alama yake ilikuwa pale kifuani, nzima, ncha yake ikielekea shingoni, hudhurungi.

Bi Mwanahawa alisimama. Alishika kanzu kwa ncha za vidole akaigeuza kwenye mwanga wa mlango. Mimi nilitaka kusema samahani na kinywa kilikuwa kikavu kwa swaumu na kwa hofu, na neno lililotoka halikuwa samahani. Nikasema, "Bibi, ipo."

"Nini kipo?"

"Fedha. Ya matundu matatu. Ipo nyumbani."

Anton alinikasirikia sana alipotukuta chumbani. Bi Mwanahawa alikuwa amekaa juu ya kitanda changu, sarafu kiganjani, na amechomoa sindano yake kwenye upindo wa kanga na kuipitisha tundu la kwanza, la pili, la tatu, na kurudia tena. Akaenda chumbani kwake, sarafu akaiacha pale kitandani kana kwamba imemchoma. Anton akanivuta uwani chini ya mkwaju. "Kwa nini ulimwambia? Sasa amepata nini? Yule Chilumba hajui lolote. Feruzi angeweza kuiuza, angeweza kuicheza kamari, ikaanguka kwa mwingine. Umemwongezea pa kufikiria usiku tu." Nikamwambia sikuweza kunyamaza. "Wewe!" alisema. "Wewe ambaye hunyamaza hata ukikanyagwa!" Alizunguka mti mara kadhaa. Kisha akauliza, kama anauliza la kupita tu, "Uzi alioshonea ulikuwa rangi gani?" Nikamwambia buluu. Akavaa viatu akatoka. Nilidhani amekwenda kupunga hewa.

Kesho yake Bi Mwanahawa alituma nimlete huyo mtu wa kusini. Nilipofika sokoni Anton alikuwa yuko naye tayari, wameinamiana juu ya korosho, na waliponiona wakanyamaza. Tukaenda watatu. Bi Mwanahawa alikuwa ametandika mkeka mpya ukumbini na amejifunika kanga vizuri. Chilumba alivua kofia, akamwamkia kwa heshima. Hakukuwa na masihara siku ile. Alijieleza anatoka wapi, na jina la mahali pale lilipotoka kinywani mwake Bi Mwanahawa aliinua uso.

"Mahiwa?"

"Ndiyo, Bibi. Mahiwa ya kwetu."

Alitazama nje, kupitia mlango wa mbele uliokuwa wazi, kwenye mtaa. Watoto walikuwa wanarusha tope. "Kumbe miaka yote hii," alisema polepole, "tulikuwa mtaa mmoja."

Kisha akauliza swali moja tu, na nilijua kuwa alikesha akilichagua. "Niambie. Ilikuwa imeshonwa, au ilikuwa peke yake?"

Chilumba alikuwa ameniambia hakuwepo ilipookotwa. Nilimsikia kwa masikio yangu. Sasa aliweka mikono juu ya magoti, jasho likamtoka kwenye paji la uso. "Ilikuwa imeshonwa, Bibi. Niliona kwa macho yangu. Nguo ilikuwa imeoza, lakini uzi ulikuwepo kwenye matundu. Uzi wa buluu. Ilikuwa kwenye mfupa wa kiuno. Baba alimsomea Fatiha, tukamrudishia udongo wake."

Sikuthubutu kumtazama Anton. Bi Mwanahawa aliinamisha kichwa, mabega yake yakashuka, na nilimsikia anapumua kama mtu aliyetua ndoo. Akasema, "Innalillahi," na sisi tukaitikia, na Anton naye akaitikia, vibaya, lakini akaitikia.

Mwalimu wa madrasa ya mtaa aliitwa. Akasema sala ya ghaibu, ya maiti asiyekuwepo, itasaliwa, na hitima itasomwa, ila eda, mama, eda yako ilikwisha zamani, inahesabiwa tangu siku aliyofariki, hata kama hukujua. Bi Mwanahawa akamwambia, "Imekwisha kwa nani, Mwalimu? Mimi sijaikaa." Mwalimu akamweleza tena kwa upole. Akamsikiliza hadi mwisho, akamshukuru, kisha akavua vipuli vyake akampa Bi Tatu amtunzie. Baada ya Idd akaingia eda. Miezi minne na siku kumi, nguo nyeupe, hatoki, hapaki mafuta ya manukato, mwanamke mzee akimlilia mume aliyekuwa kijana. Bi Tatu ndiye aliyempikia muda wote huo, na hakusema tena habari za Lindi. Nyumba ilikuwa kimya ajabu. Nikirudi kazini nilikuwa napita ukumbini kwa ncha za vidole, na mara kwa mara, mlango wake ukiwa wazi kidogo, nilimwona ameketi na sindano mkononi bila kitambaa chochote.

Mimi nami nilikuwa na maiti wangu. Yule aliyelala kwenye shamba la muhogo alikuwa na fedha ya nani kiunoni, na yeye alikuwa nani? Kama Feruzi aliiuza sarafu ile kwa chakula njiani, basi tulikuwa tumemlilia mtu wa mama mwingine, na Feruzi alikuwa mahali fulani anaota jua mbele ya nyumba yake. Mzee yeyote wa kusini aliyepita dukani nilimtazama bega na mwendo, nikijaribu kumvisha ile kanzu kichwani mwangu. Desturi hiyo haijaniacha, ingawa hesabu ya umri inasema hawezi tena kuwa hai. Usiku mmoja nilimuuliza Anton alimwambia nini Chilumba sokoni. Akageukia ukutani. "Nimekula uji wake mwezi mzima, Hamisi," alisema. "Ulitaka nikae kimya?"

Eda ilipokwisha Bi Mwanahawa alioga, akajifukiza udi, akavaa kanga za rangi, akatoa vitu vya Feruzi kuvigawa, kama vitu vya marehemu vinavyogawiwa. Vilikuwa vichache. Kofia alimpa Mwalimu. Kisha akaomba sarafu. Anton aliingia chumbani akaileta mwenyewe. Alikuwa amekwisha kumaliza ubao, vishimo vyote, na niliona alivyoishika mara ya mwisho. Bi Mwanahawa aliichana kanzu kwa mikono, mgongo upande mmoja na kifua upande mwingine. Kwenye kipande cha mgongo, kisafi, akaifunga sarafu, akampa Chilumba aliyekuwa amerudi na korosho mpya. "Mrudishie. Ni ya sanda yake. Na hicho kitambaa mwekee." Chilumba alipokea, akaahidi. Kama alifika nacho sijui, hatukumwona tena mjini. Kile kipande cha kifua, chenye alama ya pasi, akanipa mimi. "Hiki ni chako, mwanangu. Usikifue." Mimi nikampa Anton, naye akakitandika juu ya ubao wake.

Ramadhani iliyofuata tulikaa tena uwani chini ya mkwaju usiozaa. Bi Mwanahawa alimimina uji, bakuli moja kila mtu, na hakuna bakuli lililofunikwa. La Anton alimpa mkononi. "Hili ni lako," alisema. Bi Tatu alikuwa ameingia ndani kutafuta chumvi. Bi Mwanahawa alimngoja apite mlango, kisha akasema bila kututazama, mikono yake iko kwenye kofia anayofuma, "Uzi wa pamba haukai ardhini miaka yote hiyo. Mimi nimeshona tangu utotoni, nitakosa kujua?"

Anton aliweka bakuli chini. Mimi nilitazama mkeka.

"Nilijua palepale," alisema. "Lakini nikawatazama. Watu watatu wamekaa mkekani kwangu wanatokwa jasho kwa ajili ya Feruzi. Nikasema, basi. Mtu huyu ana watu wa kumzika." Akauma uzi, akaukata. "Kunywa uji, Mchaga wangu, unapoa."

Hatukulizungumza jambo lile tena, mimi na Anton, hata tulipokuwa wazee na wake na wajukuu. Alikusanya sarafu nyingine nyingi na kuchimba vishimo vingine, na kile cha katikati hakukitia kitu.

Leo asubuhi nilimpigia simu binti yake nikamwomba aniitie yule mtoto. Nikamwambia, "Uliniuliza nani kaichukua ile ya katikati. Hakuna aliyeichukua. Haikuwahi kulala pale."

Akasema, "Sasa babu yangu alikuwa anapafuta vumbi la nini kila siku?"

Nikamwambia aje Jumamosi, nitamsimulia. Nimeweka kisanduku juu ya meza karibu na dirisha. Na mimi leo nimepafuta.